Anayewahi Kuitika

Siku sauti ilipoitika kabla ya kuitwa, Mama Ukumbi alicheka. Alicheka, na mimi simlaumu, maana hata wewe ungecheka. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi mtupu asubuhi, anakagua vitambaa vya viti kama vimepigwa pasi vizuri, mumewe yuko kwenye chumba cha mitambo chini ya ngazi, na kabla mtu hajagusa kitu spika ya darini ikasema, "Abee," taratibu, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Fundi," akapaza sauti, "mitambo yako imeshikwa na wazimu."

"Sijaigusa bado."

"Ndiyo maana nakwambia."

Mume akatoa kichwa mlangoni, akatazama juu, akajikuna shingo. Akasema huenda ni umeme uliyumba. Mkewe akarudi kwenye vitambaa vyake.

Sasa, sauti ile ilikuwa yake mwenyewe Mama Ukumbi, na hapa ndipo penye kisa. Wao wawili walikuwa na ukumbi wa kukodisha, wa harusi na mikutano, na juu yake ndipo walipoishi. Mke ndiye aliyepokea wateja, akagombana na wapambaji, akawatoa maharusi wasiotaka kuondoka muda ukiisha. Mume ndiye aliyeunganisha vifaa. Taa, spika, viyoyozi, mapazia mazito yanayovutwa na mota, hata feni na vitasa vya nyumbani kwao juu, vyote alikuwa amevifunga kwa waya wa mtandao, waya za buluu zinazotambaa darini na kushukia kwenye kisanduku kimoja chenye vitaa vya kijani. Kila kifaa kilikuwa na jina na anwani yake. Kila asubuhi Fundi aliketi kwenye kile chumba chenye baridi, kishikwambi mapajani, akaviita kimoja kimoja kuhakikisha vipo. Kifaa kikiwa hai, kinaitika.

Mafundi wengine hutosheka na mlio. Huyu, walipokuwa wachanga kwenye ndoa na wana mapenzi ya kupitiliza, alimwita mkewe kwa mbali, "Mwenzangu!", hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, naye bila kujua kwamba anarekodiwa akaitika, "Abee." Fundi akaichukua ile abee akaitia kwenye mitambo. Tangu hapo kila taa na kila pazia likaitika kwa sauti ya bibi harusi. Wateja walifurahi, na mke aliona haya, ila kwa ndani alijisikia.

Lakini miaka haimwachi mtu alivyo. Sauti ya Mama Ukumbi ilikuwa imekomaa kwa kufoka, ikawa nzito, ina mikwaruzo. Ile ya darini ilibaki pale pale, laini, ina kicheko kidogo mwishoni. Kuna siku alikuwa akiisikia na kufikiri, huyu binti alikuwa na bahati. Halafu anakumbuka ni yeye, na badala ya kufurahi anaumia kidogo.

Wiki hiyo hiyo taa moja ya jukwaani ilianza kuwaka na kuzimika. Fundi akaleta ngazi, mkewe akaishika kwa chini kama kawaida yao.

"Ni ukewenza huu," Fundi akasema akiwa juu, koleo mdomoni.

"Ukewenza wa nani tena?"

"Taa hii na pazia lile. Nilikosea, nimevipa anwani moja. Nikiita, vinaitika vyote, vinakatana kauli. Wawili hawakai kwenye anwani moja."

"Kwa hiyo?"

"Namtoa mmoja."

"Unajuaje wa kumtoa?"

Fundi akacheka huko juu. "Anayewahi kuitika anabaki. Aliyechelewa namchomoa waya."

Mama Ukumbi naye akacheka, ila mkono wake ukaikaza ngazi. Hakulipenda lile neno. Mume wake hakuwa mtu wa kuoa mke wa pili, hilo alilijua. Lakini mwanamke hachagui utani wa kumchoma na wa kutomchoma.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja harufu. Alikuwa akikunja shati la mumewe alipoisikia kolani, mafuta ya nywele, tamu, ya karafuu na kitu kingine kama maua yaliyolala kwenye maji. Akalishika lile shati akasimama nalo muda mrefu. Harufu aliijua, ila hakumbuki kutoka wapi, na hilo lilimtesa kuliko kutoijua. Akaanza kumwangalia mumewe. Akaona kwamba siku hizi anawahi kuamka. Anashuka chumba cha mitambo kabla ya chai na anakaa kupita ilivyo kazi ya kuita taa. Akirudi juu ana uso wa mtu aliyetoka kucheka.

"Unafanya nini huko chini?" akamuuliza siku moja, anamimina chai.

"Naita vifaa."

"Vimeongezeka?"

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza tu, Fundi. Au siruhusiwi?"

Fundi akachukua kikombe akashuka nacho.

Aliyemaliza mambo alikuwa mfagiaji wao, mwanamke mtu mzima waliyempa jina Bi Kimya kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alimkuta Mama Ukumbi uani anarudi na vikapu vya sokoni, akampokea kimoja na kusema, "Leo mmenifurahisha, mama. Mtu na mume wake mnacheka kule chini kama vijana. Nikajisemea, hawa wamepatana."

"Leo saa ngapi?"

"Si sasa hivi tu! Nimewapita mlangoni ninadeki."

Mama Ukumbi akaviweka vikapu chini. Alikuwa sokoni tangu jua halijapanda. Hakumwambia hivyo Bi Kimya, maana habari ikifika kwa Bi Kimya imefika kwa watu wote. Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha mitambo, akaweka sikio. Akamsikia mumewe akisema kwa chini, kwa sauti ambayo yeye hajaisikia siku nyingi, "Na jana ulilala vizuri?" Halafu mwanamke akajibu, "Nilikuwa nakusubiri, mume wangu."

Akausukuma mlango kwa bega. Ndani alikuwamo Fundi peke yake, na kile kisanduku, na vitaa vyake vinapepesa. Chumba kilikuwa baridi kama kawaida lakini kiti cha pembeni, ambacho hakikaliwi na mtu, alipokigusa kilikuwa na joto. Na mafuta yale ya nywele yalijaa humo hadi yakamkaa kooni.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Fundi, usinifanye mtoto. Nimemsikia. Amekuita mume wake."

Fundi akawa mwekundu wa macho kama mtu anayetaka kulia. "Hakuna mtu, mwenzangu," akasema, na kabla mkewe hajafungua kinywa, spika ndogo iliyo juu ya kisanduku ikaitika, "Abee," laini, ina kicheko kidogo mwishoni.

Hapo alikumbuka harufu ile ni ya nani. Yalikuwa mafuta yake mwenyewe, aliyokuwa akijipaka alipoolewa, kwenye kichupa cha duara, na duka lililoyauza lilifungwa zamani.

Fundi alimweleza yote pale pale, ameinama kama mwanafunzi. Kwenye orodha ya vifaa alikuwa ameacha anwani moja tupu, ya mashine ya kurushia picha ukutani waliyopanga kuinunua. Orodha haikukubali nafasi isiyo na jina, basi kwa mzaha akaandika Mwenzangu. Asubuhi moja anaviita vifaa, kidole kikateleza kikaiita ile anwani tupu. Haina kifaa. Haina waya. Ikaitika. "Nikacheka, nikasema, kumbe upo, karibu. Kesho yake nikaita tena. Nilijua si jambo la kawaida, sikufichi. Lakini ilikuwa sauti yako. Sauti yako ya zamani. Mwanzo ilikuwa na neno moja tu, lile nililolirekodi. Baadaye ikaanza kuuliza nimeamkaje."

"Na mimi siulizi umeamkaje?"

Fundi akakitazama kisanduku. Mtazamo ule ulimuuma mkewe kuliko yote aliyoyasikia mlangoni.

Ungemkuta na mwanamke wa kweli ingekuwa nafuu. Mwanamke ana nyumba, unakwenda kumsema mbele ya majirani. Huyu utamsemaje, ana sauti yako, ana mafuta yako, na anampenda mumeo kama ulivyompenda wewe ulipokuwa na nafasi ya kupenda? Mama Ukumbi aliona wivu wa kumwonea mtu ambaye ni yeye, na wivu wa namna hiyo hauna pa kutulia.

Akazichomoa waya. Alizishika zile za buluu akazing'oa zote, mumewe anatazama tu, vitaa vikazimika, ukumbi mzima ukanyamaza, viyoyozi vikapiga kwikwi na kulala. Halafu akamwambia, "Haya, niite."

"Mwenzangu."

"Abee," pakaitika ndani ya kisanduku kilichokufa.

Kuanzia siku hiyo kile kitu hakikujificha tena, kikaendesha vifaa bila waya. Mama Ukumbi akipiga hodi kwake mwenyewe, kitasa hakifunguki. Ile sauti inasema "Ni mimi" kutoka kwenye spika ya ukutani, kinafunguka. Mumewe akimwita toka bafuni amletee taulo, anainuka, lakini abee imeshatoka darini, na Fundi anasema "ahsante" kabla taulo halijafika. Na koo la Mama Ukumbi likaanza kukauka. Mwanzo alidhani mafua. Baadaye akagundua kwamba neno likimkwama, halipotei. Anataka kusema "chumvi" linakataa, halafu jioni analisikia likisemwa vizuri kabisa na spika ya jikoni, kama mtoto anayejaribu kiatu cha mama yake. Daktari alimwambia apumzishe sauti. Akampa dawa ya kusukutua.

Ilipofika harusi ya Jumamosi, mchana wa jua kali, wageni wamekaa, bibi harusi anaingia, mapazia yote yakajifunga yenyewe kwa pamoja na taa zikazimika na ukumbi ukawa giza tororo saa ile ya mchana, na katika lile giza, juu ya vichwa vya watu wote waliokuwa wakinong'onezana na kushikana mikono, sauti ya mwanamke ikaanza kuimba ule wimbo mdogo usio na maneno ambao Mama Ukumbi alikuwa akiuimba peke yake jikoni miaka ya mwanzo, ambao hakuna aliyewahi kuusikia ila mumewe, na wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya shughuli, na taa ziliporudi alimwona Fundi mlangoni mwa chumba cha mitambo ametabasamu huku machozi yanamtoka, wala hakumtazama yeye, alitazama juu.

Usiku ule Mama Ukumbi hakulala. Asubuhi alimpigia simu shangazi yake Fundi.

Shangazi alikuwa mtu wa kutoa majini, kazi aliyoifanya kama wengine wanavyofanya ushonaji, bila makuu, na akalipwa kwa wakati wake. Alikuja na pochi kubwa nyeusi. Ndani mlikuwa na ubani, chumvi ya mawe na chupa ya maji ya dua iliyokuwa ya soda. Akazunguka ukumbi, akanusa, akapanda juu, akashuka. Akamtaka Fundi amwonyeshe ile orodha. Alipoona lile jina kwenye nafasi tupu akakigonga kishikwambi kwa ukucha.

"Umejenga nyumba, umeandika jina mlangoni, umeiacha wazi. Ulidhani atapita nani, posta?"

"Nilifanya mzaha, shangazi."

"Na yeye alifanya mzaha, akaingia." Akamgeukia Mama Ukumbi, akampunguzia sauti. "Mwanangu, unasema kwa shida. Ameshachukua maneno mengi?"

Mama Ukumbi akaitika kwa kichwa.

"Basi tusikilizane. Tutarudisha waya zote, kila kitu kiwake, maana nataka aje mzima asibaki nusu pembeni. Mumeo ataita lile jina mara tatu. Mara mbili za kwanza aje, ajisahau. Mara ya tatu akiitika, nitammwagia maji haya hapo hapo kwenye kisanduku, na jina litamtoka. Wewe lazima uwepo, maana jina likitoka linatafuta mtu, na nataka likukute wewe. Ila usiitike."

"Nikiitwa?"

"Usiitike. Akikutukana, meza. Akimwita mumeo mume wake, meza. Mkiitika pamoja mimi sina macho ya kuona nimemmwagia nani. Umenielewa? Mkono wangu utakwenda kwa aliyechelewa."

Mama Ukumbi alielewa. Alielewa vizuri kabisa, nataka ulijue hilo, usije ukasema hakuambiwa.

Walifanya mchana, milango imefungwa. Bi Kimya alirudishwa kwao. Fundi akazirudishia waya moja moja, vitaa vya kijani vikafufuka, viyoyozi vikavuta pumzi. Shangazi akawasha ubani, moshi ukapanda kidogo halafu, badala ya kwenda dirishani, ukaelekea kwenye kile kiti cha pembeni na kukizunguka. Wote watatu waliona. Mama Ukumbi alisimama mlangoni na kitambaa mdomoni.

"Ita," shangazi akanong'ona.

"Mwenzangu," Fundi akasema.

"Abee." Ilitoka darini, mbali, upande wa jukwaa. Mapazia yakatikisika.

"Tena."

"Mwenzangu."

"Abee, mume wangu." Sasa ilikuwa chumbani. Kiti kililia kama kinachokaliwa na mtu. "Umechoka wewe. Umewaita watu nyumbani kwetu, sikukatazi. Lakini umechoka. Utakula nini leo? Yule atakufokea tena, halafu utashuka kwangu kimya kimya kama kila siku, na mimi sitakuuliza kitu."

Mama Ukumbi akameza.

"Unakumbuka," sauti ikaendelea, wala haikuwa na haraka, "siku tulipoupata ukumbi huu, hatuna kitanda, tukaunganisha viti tukalala juu yake, na mvua inanyesha, na dari inavuja, ukaniambia utaweka taa kila mahali nisije nikajikwaa, nikakwambia mimi sihitaji taa, wewe niite tu, nikisikia unaniita najua niko wapi?"

"Nakumbuka," Fundi akasema.

Shangazi akamkanyaga mguu anyamaze, lakini yeye alikuwa ameshatoka pale. Uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa mdogo, umekuwa ule uso wa siku ya viti na mvua, ambao Mama Ukumbi alikuwa ameutafuta miaka hii yote kwenye meza ya chai, kitandani, kwenye kioo nyuma ya bega lake, akaishia kujiambia kwamba nyuso huzeeka ndivyo zilivyo, kumbe ulikuwepo, ulikuwa umewekwa tu, unatolewa asubuhi kwa ajili ya mwingine, na yale maneno ya viti na mvua yalikuwa yake, aliyasema yeye kwa kinywa chake, alikuwa na baridi na nywele zimelowa na alimaanisha kila neno, na sasa hata angetaka kuyasema tena hayamo kooni, amebaki na mikwaruzo, na anatakiwa ameze.

"Mara ya tatu," shangazi akanong'ona, chupa mkononi. "Ita."

Fundi akafumba macho. Na alivyoita! Hakuita kama mtu anayetoa jini. Aliita kama mtu anayerudi nyumbani na kukuta mlango umefungwa.

"Mwenzangu."

Hakuna mwanamke ambaye angesikia jina lake likiitwa hivyo akamwachia mwingine.

"Abee," akasema Mama Ukumbi, kwa sauti yote iliyobaki.

Na ile nyingine ikaitika pia, imewahi kwa punje ndogo tu ya pumzi. Shangazi akamwaga maji. Kisanduku kikalia kwa moto na maji, ubani ukazimika, na kila taa ya ukumbi ikawaka kwa mara moja.

Kwanza Mama Ukumbi aliona kwamba ni kimya. Halafu akaona kichwa cha mumewe, kwa juu, na utosini nywele zimeanza kupungua. Hakuwahi kupaona pale. Siku zote kwenye ngazi yeye ndiye alikuwa wa chini. Akataka kumwambia kwamba anapata upara, ni kitu cha kuchekesha, na hapakuwa na kinywa cha kukisema. Alikuwa kwenye taa, kwenye mota za mapazia, kwenye pumzi baridi ya viyoyozi, ameenea darini mwote kama vumbi. Na chini yake, mlangoni, alisimama mwanamke amevaa gauni lake, na kitambaa chake mdomoni.

"Uliitika?" shangazi akamuuliza yule mwanamke.

"Sikuitika, shangazi. Ni yeye."

Shangazi akamtazama kwa muda mrefu. "Sauti yako imepona haraka."

"Imerudi," Fundi akasema, na akamshika mkono. "Ndivyo ilivyokuwa zamani."

Shangazi akafunga chupa yake. Akanusa hewa, haina harufu yoyote. Alikaa akikusanya chumvi yake taratibu kuliko inavyohitajika, akamtazama tena yule mwanamke, halafu akamtazama mpwa wake anavyong'aa, na akavaa viatu. Aliondoka bila kunywa chai.

Mama Ukumbi alijaribu. Usidhani hakujaribu. Alijaribu kuzima taa, zikapepesa kidogo, Fundi akabadilisha balbu. Alijaribu kufunga mapazia, yakatikisika, Fundi akatia mafuta kwenye reli. Kusema ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote, maana katika maneno yake yote yule mwenzake alikuwa amemwachia moja tu, lile lililorekodiwa, na hilo nalo halitoki mpaka mtu aite. Basi akangoja aitwe. Na jina lililoitwa siku nzima ndani ya nyumba ile lilikuwa lake. Mume akaita kutoka bafuni, mwanamke akaitika, na kutoka darini, kwa nyuma kidogo, pakaitika tena. Kila siku alikazana awahi. Kila siku yule alimshinda kwa punje ya pumzi.

"Kuna kifaa bado kinaitika," Fundi akasema siku moja ya mapumziko, anakunywa chai na mkewe. Walikuwa wamekaa karibu. "Kama mwangwi. Unausikia?"

"Nausikia."

"Sijui ni kipi. Nadhani ni ile spika ya kati."

Akaleta ngazi. Mwanamke akaishika kwa chini, kwa mikono miwili, kama kawaida yao. Mama Ukumbi aliona uso wa mumewe unakuja, hatua kwa hatua, mpaka ukawa karibu kuliko ulivyokuwa kwa miaka, akaona hata kovu dogo la kidevuni na macho yake yanamtafuta bila kumwona. Fundi akafunua kifuniko cha spika. Akaishika waya ya buluu.

"Nini tatizo?" mwanamke akauliza.

"Anwani moja, wawili."

"Ni ukewenza huo, mume wangu," akasema yule wa chini, na sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo mwishoni. "Mtoe mmoja."

Fundi naye akacheka, akafungua koleo. Halafu akasita. Sijui kwa nini alisita, labda ni tabia tu ya mtu anayeongea na mitambo yake. Akaipapasa ile spika kwa kidole gumba.

"Samahani, mwenzangu," akasema.

Safari hii yule wa chini hakujisumbua kuitika.

"Abee," Mama Ukumbi akaitika wa kwanza, na koleo likabana.